Mwenye Glavu Nyeupe

Mhudumu wa mkahawa ule wa Kichina, wa mapishi ya Kikantoni, alizungumza kwa sauti ya chini kama anayetoa pole msibani. Kila kipande cha bata, kimoja peke yake kwenye sahani pana kama ungo, alikitambulisha kwa heshima ambayo hata wakwe hawapewi. Glavu zake nyeupe zilinyoosha vijiti vya kulia vilivyokwisha kunyooka. Mama wa bibi harusi, aliyekuja kuonana na wakwe akimwomba Mungu asije yeye akamwaibisha mwanawe, akatafuna ua lililowekwa kupamba sahani yake. Wakwe wakamtumbulia macho.

“Mama ni mzoefu,” mhudumu akasema bila kupepesa. “Wajuzi huanza na ua.”

Mama wa bwana harusi akajikohoza. “Hata sisi nyumbani ndivyo tunavyoanza,” akasema, akalitafuna lake pamoja na kikonyo.