Ukimya wa Kule Mlimani

Enzi zetu safari ilikuwa kitu cha kuogea mara mbili: unaoga mwenyewe, kisha mama anakurudia kwa dodoki maana hakuamini. Ndivyo tulivyotoka Ngulyati asubuhi ile, watoto wa mafundisho ya kipaimara, tumejazana kwenye tela la trekta la pamba, kwenda kuwapikia watawa wa monasteri ya mlimani, mbele ya Mwandoya. Huko juu hakukuwa na kisima wala kuni. Kila kundi lilipanda na vyake: mabua ya pamba ya kuwashia, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, karanga na maji.

Maji alibeba Jilala, rafiki yangu, kwa sababu alikuwa na mabega. Dumu lilikuwa jipya, yaani jipya kwetu. Ndiyo kwanza ruksa ya biashara imeingia, mnadani vinauzwa vitu ambavyo hata muuzaji havijui. Mama yangu kila mara alinusa chombo kabla ya kuuliza bei. Katekista wetu, aliyelinunua dumu lile, aliuliza bei tu, na njia nzima alitusimulia alivyombana muuzaji.

Chini ya mlima akatuonya: "Ukivuka ule ukuta, domo funga mpaka kengele ilie. Hata nge akikuuma, mlilie Mungu kimoyomoyo." Tulicheka. Jilala alipanda wa mwisho, na kiu ilipomzidi akajiibia mafunda nyuma ya mawe.

Ndani ya ukuta hata mbuzi wa watawa walikuwa kimya. Chungu kikachemka, michembe ikaanza kulainika, matumbo yakaunguruma kwa niaba yetu. Jilala akasogea motoni, mate yakimtoka, jasho likimchuruzika. Kila msimu alimsaidia baba yake kupulizia dawa ya pamba. Mvuke ule aliujua. Akakinyooshea chungu kidole. Katekista akaweka chake mdomoni. Jilala akaonyesha pua. Sisi tulitetemeka kwa kuzuia kicheko, tukidhani anaigiza.

Ndipo akakipiga chungu teke.

Chakula chote kikamwagika juu ya jiwe. Katekista alimzaba kofi bila kutoa sauti. Hata kofi lilitii sheria. Jilala akaanguka, tukadhani ni kwa lile kofi. Akaanza kutapika.

Bruda mmoja mzee, Msukuma mwenzetu, akainama, akanusa jiwe. Kengele ilikuwa bado, lakini akamuuliza Jilala kwa nguvu, "Baba, umeyanywa haya maji?"

Jilala akaitikia kwa kichwa. Hata hapo, kwa kichwa tu.

Trekta lilikuwa mbali chini. Tulimshusha kwa kitanda cha kamba, katekista akishika kichwani, akirudia njia nzima: "Sema, Jilala. Sema chochote, baba." Hatukufika naye Mwandoya akiwa hai.

Watoto wa siku hizi wanakwenda ziara na maji ya chupa yenye kizibo kisichofunguliwa, na bado wanalalamika hayana baridi. Midomo yao haipumziki. Watu wa rika letu hutikisa vichwa: sisi tulikuwa na adabu, bwana. Tulikuwa nayo, sibishi, na mimi hubishia kila kitu.

Ila kwangu, wanangu wanaongea hata katikati ya sala ya chakula. "Baba, huu mchuzi unanuka." Naacha sala hapo hapo. Nanusa. Nanusa tena. Ndipo naitikia amina.