Mibuni ya Mama Mmoja

Walimwita Mashada kwa sababu ya mbuni wake mmoja wa kahawa, uliojaa mashada. Udongo wa mteremko ule ulikuwa mchachu na joto lake lilikutoa jasho hata kivulini. Mazao mengi yaliota pale kwa kuona haya. Mbuni huo haukuwa na haya. Ulizaa mpaka matawi yakaegemezwa fito.

Bwana wa kitalu alikuwa amempa miche ya aina tano, akamwagiza aichanganye, maana ua la kahawa hii halishiki tunda kwa chavua, ule unga wa maua, ya ndugu zake. Lataka ya aina nyingine, iletwe na upepo. Mashada aliitikia kwa adabu zote. Kisha akang'oa aina nne zilizozaa kidogo, akajaza shamba zima vipandikizi vya ule mmoja.

"Bwana yule anatafuta pa kutupia vibovu vyake," alimwambia mkewe.

Na shamba likazaa, msimu baada ya msimu. Hakuna aliyetazama ng'ambo ya uzio, kwa dada yake, ambako mibuni ya marehemu baba yao, mchanganyiko mtupu, ilimfanyia Mashada kazi bila ujira kila upepo ulipovuma.

"Kaka, neema unakula peke yako?" dada akamuuliza. "Nigawie nami."

Akamgawia vipandikizi. Akamkatia hata mibuni ya kwanza kati ya ile ya baba, kwa mkono wake, apate nafasi. "Hizi ni kuni tu, dada." Majirani nao wakapewa, kwani Mashada hakuwa mchoyo. Laiti angekuwa.

Mvua zilipofuata, maua yalitoka meupe pe, kuliko mwaka wowote. Wapita njia walimpa hongera. Mkewe ndiye aliyetangulia kuacha kusifu.

"Baba, haya maua yakidondoka yanaacha nini?"

Akavuta tawi, akavuta la pili. Maua yalikuwa yamegeuka meusi, na yalipodondokea palibaki pakavu kama kisigino. Maneno ya bwana wa kitalu yakamrudia yote, pamoja na sauti yake.

Alimkuta dada yake kwenye safu za mwisho, bondeni, panga mkononi.

"Dada, acha hiyo! Yangu ilikuwa inazaa kwa sababu ya hii yako."

"Ehe! Juzi ilikuwa kuni. Leo nakaribia kukufikia, imekuwa dhahabu?"

"Naapa kwa kaburi la baba."

"Mwache baba apumzike. Kijicho hakina dawa, kaka." Akaukata mbuni uliokuwa karibu, taratibu, akimtazama.

Mashada akaenda kwa majirani, nyumba kwa nyumba. Kila mlango habari ilikuwa imemtangulia: keshaanza choyo, hataki wenzake wazae. Waliokuwa wamepanga kukata mibuni yao ya zamani mwezi ujao walinoa mapanga alasiri ileile, kabla hajapata njia ya kuwazuia.