Murase Afa Mara Nne

Kwa miaka tisa Murase Tokuji aliishi Kyoto kwa kufa. Picha za sinema za mapanga zilihitaji shujaa mmoja na maiti arobaini, na kwa kuwa watu hawakutosha, aliyekatwa mlangoni alibandikwa ndevu akakatwe tena darajani. Picha zenyewe zilikuwa bubu. Ukumbini msimulizi aliketi kando ya pazia akawasemea wote, wazima na wanaokata roho.

Barua alizompelekea mama yake huko mkoani Tango zilisema tu kwamba anapigana. Hazikusema uongo. Sasa mama yake, Sawa, alikuwa anakuja kumwona.

Tokuji alimwendea msimulizi Hakuyo akiona haya. Alimwomba kwamba akianguka, safari hii asiitwe "na mwingine tena", bali atajwe kwa jina.

"Karibu, marehemu," Hakuyo alimwambia. "Wenzako huwa hawadai kitu." Lakini aliahidi, akauliza anatoka wapi.

Jumapili mchana taa zilizimwa. Kinanda cha nyuzi tatu kikaanza polepole, moshi wa sigara ukaelea ndani ya mwale wa mwanga, na shujaa akatoka ukunguni kama mtu anayekumbukwa. Mama Sawa alikuwa amepiga magoti mkekani, kifurushi mapajani. Upanga ukamemeta.

"Hapo akaanguka Murase Tokuji, mwana wa Tango," Hakuyo alisema, kwa sauti ya theluji inayodondoka.

Tokuji, aliyeketi kando yake, alimtazama mama. Mama hakupepesa macho.

Darajani, mwenye ndevu, Murase akaanguka tena. Hakuyo alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, na balaa ndilo hilo: akalitaja jina vilevile. Watu wakacheka. Mara ya tatu, chini ya miti ya misonobari, walilitaja wao kabla yake. Mara ya nne ukumbi mzima ulimwita jina kama wanavyoitwa mabingwa wa jukwaani, na shujaa akabaki peke yake paziani, anapangusa upanga, hana anayemtazama.

Taa zikawaka. Tokuji aliuangalia mkeka. Laiti pangekuwa na upanga wa kweli wa kumkata. Mama Sawa akainuka, akainama kulia na kushoto kama mfiwa anayepokea rambirambi, kisha akaketi akafungua kifurushi. Tonge la wali, na tunda chachu katikati.

"Yule bwana wa upanga," alisema, "kakukata mara nne na bado hajakuweza. Kula, mwanangu. Ya tano isikukute na njaa."