Chumba Kilichoondolewa Kahawa

Niliporudi nyumbani Ihembe baada ya chuo, nilipewa chumba cha nyuma, na kahawa ilikuwa imeshanitangulia. Magunia yalipangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha, kwa sababu chumba hicho peke yake ndicho chenye nondo dirishani na kitasa kinachofunga. Msimu wa mavuno hakuna mtu kwetu anayeacha kahawa ya maganda, ile iliyokaushwa bila kukobolewa, jikoni au barazani wezi waibebe. Kahawa hulala ndani na watu.

Mimi nilikuwa silali. Hilo lilinitisha kuliko kukosa kazi. Nililala chali nikirudia swali nililoulizwa kwenye usaili, nikalijibu upya, kisha nikajiuliza kama namba ya simu niliyowaandikia ilikuwa sahihi, kisha kama nilimsalimia vizuri yule mama wa mapokezi. Mchana nilisahau sufuria motoni, ndizi zikaungua. Nikaanza kuogopa kwamba akili itaniacha, na majirani watasema ni kwa sababu ya kusoma sana.

Kwenye simu nilisoma kwamba chumba kilichopangika hutuliza kichwa. Nikaling'ang'ania hilo. Nilikunja nguo, nikaficha vyeti kwenye begi chini ya kitanda, nikafua neti, nikapiga deki sakafu ya saruji mpaka ikang'aa. Kabla haijakauka, mawingu yakatanda upande wa Kyerwa. Mama aliita kutoka uani, na nikiwa bado natafuta ndala, kahawa iliyokuwa imeanikwa ikaingizwa na turubai lake na kumwagwa katikati ya chumba, pamoja na vumbi, majani na wadudu wake. Ikawa ndiyo kawaida. Napanga, mvua inatishia, kahawa inaingia. Nilifika mahali nikawa nalitazama wingu kama adui yangu binafsi.

Siku moja nililia mbele ya mama. Nilimwambia nimechoka, chumba hiki kinaniua, wayapeleke magunia popote. Aliendelea kuokota punje zilizobingirika chini ya kitanda.

"Mwanangu, kahawa haikoromi," alisema. "Mimi nalala na baba yako, na sijalalamika."

Nilicheka bila kupenda, halafu nikalia tena.

Na kulikuwa na baba. Kwetu baba haingii chumba cha binti aliyekua, hata nyumba iwe yake. Kahawa ndiyo ilimpa ruhusa. Kila alfajiri aligonga, akasema anakuja kuangalia kahawa, nami nikajifunga kitenge, nikakaa kitandani na kumwamkia. Aliitikia akiwa amenipa mgongo. Alizamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko kupima kama imeanza kupata joto, akauma punje moja, kisha, akitazama ukuta, akaniuliza nimelalaje. Nilijibu vizuri. Alisimama pale muda mrefu kuliko gunia lilivyohitaji, na mimi nilichemka ndani kwa ndani kwamba hata alfajiri sina faragha.

Hatimaye lori la ushirika likaja. Vijana walibeba magunia mpaka la mwisho, na kabla vumbi halijatulia nilikuwa nimeshika ufagio. Nilifuta kuta, nikasogeza kitanda dirishani, nikatandika shuka nililolitunza tangu chuo. Chumba kilinukia sabuni. Mama alisimama mlangoni, akasema sasa kimekuwa cha mchungaji, na kwamba yeye anaogopa hata kukanyaga.

Sikulala. Usiku uliofuata pia sikulala. Kitanda kilikuwa sawa, sakafu ilikuwa safi, na ukutani zilibaki alama za magunia tu. Hapakuwa tena na kitu cha kulaumu isipokuwa kichwa changu, na kichwa siwezi kukipakia kwenye lori. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa ndani ya usafi ule.

Kulipopambazuka nilisikia ndala za baba koridoni. Zilifika mlangoni, zikasimama. Alikohoa. Nilingoja agonge, lakini hakuwa na cha kuja kuangalia. Ndala zikarudi. Kesho yake ikawa vilevile. Nikiwa nimelala pale nikisikiliza zinavyoondoka, niligundua kwamba kutwa nzima hakuna mwingine aliyeniuliza nimelalaje, na huyo mmoja nilikuwa namdanganya.

Alfajiri nyingine, ndala ziliposimama, nilisema kabla hazijageuka:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeamka?"

"Sijalala."

"Tangu jana?"

"Tangu nirudi."

Nilisikia akihema. Nilidhani ataenda kumwita mama. Badala yake alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia shamba, kwamba maharage ya mbegu yanaliwa na panya kule jikoni, na kama sitaona vibaya angeyaleta humu. Tuna paka mkali. Jikoni kwetu panya hadumu. Nilijifunga kitenge nikafungua mlango. Gunia lilikuwa tayari miguuni pake.

"Weka hapo katikati," nilimwambia.

Aliliburuta juu ya sakafu yangu, likaacha mchirizi wa vumbi. Alilifungua, akazamisha mkono kwenye maharage makavu yasiyohitaji kupimwa joto, na akitazama ukuta akaniuliza usingizi unakatikia wapi. Nilikaa kitandani. Nikaanza kumweleza.