Dizeli ya Bondeni

Coralie Tranter alikuwa na miaka sabini na mmoja, na thelathini na minne kati ya hiyo aliimalizia kwenye usukani wa basi la shule huko Bowen, kaskazini kwenye joto, miwa kushoto, miwa kulia. Miaka yote hiyo hakuishiwa mafuta hata siku moja. Ukimpa nafasi atakwambia, na ukimnyima atakwambia vilevile.

Dada yake Dulcie, aliyemzidi miaka mitano, alikuwa anapofuka. Ugonjwa ulianzia katikati ya macho: anachokitazama moja kwa moja hakioni, anaona cha pembeni tu, na hicho cha pembeni daktari alisema kitamfikisha Krismasi, kikibahatika. Dulcie hakulia. Alisema tu kwamba hajawahi kuona theluji maisha yake yote, na hataki kuja kuhadithiwa. Kesho yake Coralie akaondoa turubai juu ya gari lake la kulala, akakagua kitanda, jiko na choo chake, akatandaza ramani mezani. Agosti ilikuwa ukingoni, na majira ya baridi huko kusini nayo yalikaribia kwisha.

Walisafiri siku tano kuelekea kusini, wakigombana juu ya redio na kula mikate yenye nyama baridi ya kondoo. Ijumaa saa tatu asubuhi wakaingia Cooma, mguuni mwa milima. Habari za hali ya hewa zilikuwa wazi: theluji leo, ila upepo unakuja, barabara ya juu itafungwa saa nane mchana. Kesho mvua, na mvua ingefagia kila kitu. Ilikuwa leo au basi tena. Coralie hakushtuka. Minyororo ya kufunga matairi kwenye theluji alikuwa nayo, na tangi lilikuwa limejaa robo tatu.

"Niongezee kidogo tu, lijae vizuri," akamwambia mwenye kituo cha mafuta, mzee wa masharubu aliyeitwa Zlatko.

"Limebaki na ngapi?"

"Lita tisini. Nilijaza Yass jana," Coralie akasema kwa maringo ya mtu anayesubiri kupongezwa.

Zlatko akalirudisha bomba mahali pake. "Mama, umeniua."

Akamweleza taratibu, maana si mara ya kwanza. Dizeli ya bondeni haivumilii baridi ya juu. Inaganda kama samli, gari linazima. Watu wa pale hufika kwake tangi likikaribia ukavu, naye huwajazia dizeli ya milimani, wakapanda bila shida. "Lakini nyie wa kaskazini mnafika mmeshiba," akasema. "Nikuwekee wapi sasa ya kutosha?"

Basi Coralie akanywea. Kule kwao pampu ziko mbali, na baba yao aliwahi kukaa siku mbili porini na tangi tupu, akarudi amebabuka midomo. Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba kwamba huipiti pampu bila kujaza. Sheria hiyo ilimtunza maisha yake yote, na leo ilikuwa inamnyima dada yake theluji.

"Si uitoe tu?"

"Niimwage wapi, mfukoni mwangu?"

"Na tukipanda hivihivi, tukateremka kabla ya jioni?"

"Juu huko ni nyuzi nane chini ya sifuri. Litakuzimikia kabla hujaona hata mti." Zlatko akachukua karatasi, akachora duara: Bombala, Dalgety, Berridale, kurudi Cooma. "Kilomita mia mbili na ishirini. Chomeni lita arobaini, mrudi, niwawekee sabini ya milimani, zikichanganyika haitaganda. Mkiharakisha mtawahi kabla ya saa nane."

Coralie akapanda garini macho yamemlowa. "Nimekuharibia, dada."

"Endesha," Dulcie akasema. "Tangu lini wewe ukapata mafuta ya kuchezea?"

Wakaenda. Gari zima hilo, halina mizigo ya maana, halina pa kufika, linachoma mafuta kwa makusudi. Coralie aliona kama anafanya dhambi. Alikanyaga akakanyaga tena, akapita malori mawili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa na watoto wa shule, na Dulcie akawa anamsomea saa kwa kuigeuzia shavu. Walipoacha Bombala ilikuwa saa nne na nusu. Wangewahi, kwa tabu.

Halafu wakatokea uwandani, kwenye barabara ya Dalgety, hakuna kitu ila nyasi kavu, uzio na kondoo. Mawingu yakashuka mpaka karibu na nguzo za umeme. Kitu cheupe kikagonga kioo, kikayeyuka. Kikaja kingine. Coralie akawasha vifuta kioo, akaongeza mwendo.

"Simamisha," Dulcie akasema.

"Bado kilomita themanini kufika Cooma, dada. Huku ni rasharasha tu, ya kweli iko juu."

"Coralie. Simamisha gari."

Akasimamisha. Ilipofika wakati wa Dulcie kuteremka, Coralie akimshika mkono kwenye ngazi, haikuwa rasharasha tena. Ilianguka nene, kimya, juu ya uzio, juu ya migongo ya kondoo, na lami yote ikawa imekwisha kufunikwa. Saa ilikuwa inakwenda na Coralie aliijua, lakini moyo wake ulijaa furaha kiasi kwamba alicheka peke yake kama mwehu.

Akamgeukia dada yake ili amwelekeze. Dulcie hakuwa anatazama nyasi wala mbingu. Alikuwa amemkazia Coralie macho usoni, ametulia.

"Huku, dada. Geukia huku, mbona unanitazama mimi?"

"Usisogee," Dulcie akasema. "Wewe hapo sikuoni kabisa. Lakini pembeni yako kote, mdogo wangu, kote kunaanguka."

Coralie akasimama palepale, viatu vya turubai vikilowa, machozi yakimtiririka. Hakuyafuta, kwa sababu kuyafuta kungekuwa kusogea.