Ngozi Ina Pande Mbili

Ukitaka mfugaji wa Masisi akubali kutoa ngozi ya paja lake, usimwambie kwamba utamchuna. Mimi nilimwambia.

Si kwamba sikujiandaa. Fomu ya kukubali upasuaji iliandikwa kwa Kifaransa, na mimi, muuguzi niliyetoka shule miezi michache tu nyuma, nilipewa kazi ya kuieleza kwa Kiswahili. Njia nzima kutoka kwangu Mabanga hadi hospitalini nilikuwa nikipima maneno. Kuondoa? Hapana, hilo ni la takataka. Kukata? La nyama. Kung'oa? La meno. Nilipofika mbele ya kitanda chake maneno yote mazuri yalikimbia, likabaki moja.

"Papa, tutakuchuna ngozi kidogo tu. Ya paja."

Mama wa kitanda cha pili aliweka sahani yake chini.

"Docta," papa yule, ambaye kwake kila mwenye koti jeupe ni docta, akasema kwa upole, "nilianza kuchuna ng'ombe niko kijana. Sijaona hata moja iliyochunwa, kisha ikasimama, ikaenda kwake."

Wagonjwa walicheka mpaka wenye mishono wakajishika tumbo. Aliyeniokoa ni mama mkuu wa wauguzi, ambaye alianza kazi katika wodi ile kabla sijazaliwa. "Papa, musamehe. Huyu mutoto shule imemumaliza kichwa. Alitaka kusema tutapara. Juu-juu tu, kama karoti. Juma mbili, paja linajifunika lenyewe."

"Kama karoti?"

"Kama karoti."

Papa akafikiri. "Karoti pia sijaiona ikienda kwake."

Lakini alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kalamu. Binti yake wa miaka minne alilala kifudifudi chumba cha pili, mgongo wote wazi, tangu siku alipoangukia beseni la maji ya moto. Kidonda kikubwa namna ile huvuja maji na nguvu za mtoto mchana na usiku. Alikuwa amedhoofika mno hata asiweze kuchunwa, samahani, kuparwa ngozi yake mwenyewe. Kwa hiyo daktari alitaka kuufunika mgongo kwa ngozi ya baba, kwa majuma machache, mpaka mtoto apate nguvu ya kutoa yake. Ikishika, angepumua. Ikikataa, tungeanza upya, na kila mtu aliyemtazama aliona kwamba hakuwa na nguvu ya kuanza upya.

Baba alipasuliwa asubuhi. Alichomwa sindano ya mgongoni, miguu ikalala, yeye akabaki macho akiuliza maswali. Daktari alipara vipande sita, chembamba kila kimoja kuliko utando wa maziwa yaliyochemka, na kimoja kimoja kikaletwa kwangu katika bakuli la maji ya chumvi.

Kazi yangu ilikuwa kuviandaa. Unasuuza damu. Unakitandaza kipande juu ya shashi yenye mafuta, unakinyoosha kwa vibano viwili bila kukivuta, unakitoboa vidirisha kwa ncha ya kisu ili maji ya kidonda yapate pa kutokea. Kisha unakifunika kwa kitambaa kilicholowa, unakiweka katika chombo chenye kifuniko, unaandika jina, unaweka ndani ya frigo kikae baridi. Sheria kubwa ni moja: upande wa ndani wa ngozi utazame juu, maana daktari ataigeuza shashi na kuibandika vile vile ilivyo, na upande wa ndani ndio unaoshika mwili. Ukikosea, ngozi inakaa pale kama mgeni aliyeketi akiipa nyumba mgongo, halafu inaoza.

"Ule wa ndani unang'aa," mwalimu wetu alitufundisha.

Hakutuambia kwamba kila kitu kilichotoka majini kinang'aa. Glavu zangu ziling'aa. Paji la uso wangu pia. Vipande vitatu vya kwanza vilikwenda vizuri. Nilipokuwa nimeinua cha nne, umeme ukakatika. Nilihesabu hadi kumi na moja, jenereta ikanguruma, taa zikarudi, na kipande kilikuwa bado kwenye vibano. Nilikitandaza. Nikamaliza cha tano na cha sita.

Nilipofunga frigo ndipo swali liliponijia: nilikigeuza kile cha nne gizani, au sikukigeuza? Na kama sikumbuki cha nne, nina hakika gani na cha pili? Kufungua vyombo ovyo ni kukaribisha vijidudu. Kutovifungua kunaweza kuwa kumwekea mtoto ngozi kinyume. Mtoto alikuwa aingie chumba cha upasuaji saa nane mchana. Saa sita na nusu niliamua kwenda kumwangalia baba, maana hiyo nayo ni kazi.

"Docta, miguu yangu iko wapi?"

"Iko hapa, papa. Imelala tu."

"Iamushe polepole. Haijazoea kulala muchana."

Nikajikohoza. "Papa, ngozi ya ng'ombe... ikiwa mbichi, mutu anajuaje upande wa ndani? Kama, tuseme, hakuna manyoya."

"Ngozi haijui kudanganya. Uiache kidogo tu. Kando zake zinajikunja kwenda upande wa nyama. Siku zote." Alinitazama. "Unauliza ya ng'ombe, ao yangu?"

Nilikuwa na uongo mzuri tayari mdomoni. "Yako, papa."

Hakucheka. "Basi enda uangalie. Na umwambie ule mama muende wawili. Ukienda peke yako, utarudi kuniuliza tena."

Mama mkuu alinisikiliza bila kupepesa. "Na ulikuwa unangojea nini? Zikauke?"

Tulinawa, tukavaa upya, tukafungua vyombo juu ya kitambaa safi. Cha kwanza: kando zimejikunja juu, kututazama. Cha pili vile vile. Cha tatu. Cha nne kilikuwa kimejikunja chini, kimejificha uso kwenye shashi. Mama alikiinua kwa vibano, akakigeuza taratibu, akakilaza. Cha tano na cha sita vilikuwa sawa.

"Tano kwa sita," akasema. "Kwa mutoto wa shule, si mbaya. Andika."

Niliandika kwenye faili: cha nne, kimegeuzwa.

Siku ya tano tulifungua bandeji za mgongo wa mtoto. Baba alikuja akiegemea ukuta, mguu mmoja umefungwa.

"Ile muliyogeuza ni ipi?"

Nilimwonyesha, chini ya bega la kushoto. Ilikuwa imeshika. Zote sita zilikuwa zimeshika, na rangi ya damu ilikuwa imeanza kupanda kwenye kingo zake. Baba aliinama, mama mkuu akainama, nami nikainama juu yao.

Mtoto, ambaye tangu aletwe hakuwahi kuomba kitu, aliongea akiwa ameuzika uso kwenye mto. "Muache kuniangalia mugongo. Nataka ndizi."

"Umesikia," mama mkuu akaniambia. "Enda."

Nilikwenda mbio hadi kwa muuzaji wa nje ya lango, nikasimama. Hakusema mbivu, ya kuchoma, wala ya kukaanga. Nikanunua zote tatu.