Suruali ya Kulalia Mlingotini

Nilikuwa mlinzi wa tishari la mizigo lililotia nanga nje ya bandari ya Jeddah, na humo humo nililala. Majira ya baridi, unyevu wa bahari hauachi nguo zikauke, kwa hiyo suruali yangu nyekundu ya kulalia niliipandisha mlingotini.

Kesho yake boti ya kutuletea maji ilikaribia, ikageuka, ikaenda zake. Keshokutwa yake vilevile. Nikampigia kafili, bosi aliyeniajiri, kulalamika kwamba yule nahodha anadharau Wakenya.

Kafili akaja na boti hiyo hiyo. Wakasimama mbali.

“Bosi, muulize anaogopa nini,” nikapaza sauti.

Nahodha akaonyesha juu. “Bendera nyekundu ni mzigo wa kulipuka. Mmepakia nini?”

Suruali ikapepea, kiraka cha makalioni kikamwelekea bosi.